Injini ya dizeli inasumbua ukiiwekea bayogesi? Anza hapa kabla hujafungua hata nati moja

Wengi wanaouliza kuhusu hii kitu wana injini zinazofanana, silinda moja, ya Kichina au aina ya Lister, inasaga mahindi au inavuta maji au inazungusha jenereta, na bomba la gesi wamelichomekea kwenye njia ya hewa katikati ya eya klina na injini. Dizeli inaendelea kuingia kidogo ya kuwashia, gesi ndo inabeba mzigo. Ikigoma tu anaitwa fundi, anafungua silinda hedi, anabadilisha nozeli, anakula hela yake anaondoka, na tatizo liko palepale maana halikuwa kwenye injini tangu mwanzo.

Kwa iyo kabla ya yote: funga koki ya gesi, iache injini ipige kazi na mzigo uleule kwa dizeli tupu kama dakika kumi hivi. Tatizo likiisha, ugonjwa uko kwenye gesi au kwenye bomba lako. Likibaki, ni injini, mtibu kama injini yoyote ya dizeli na usahau bayogesi kwa muda. Kipimo hiki ni cha bure na kinamaliza nusu ya ubishi.

Kingine cha kuelewa ni gavana, kile kifaa kinachoshikilia resi ya injini isipande wala kushuka. Bayogesi ya samadi ni methani kama asilimia 50 mpaka 70, inayobaki karibu yote ni kaboni dayoksaidi, na methani haiwaki kwa mgandamizo tu kama dizeli, inahitaji joto kubwa zaidi, ndo mana huwezi kufunga dizeli kabisa. Sasa ukifungua gesi injini inataka kukimbia, gavana inahisi resi imepanda, inapunguza dizeli yenyewe. Gavana haijui gesi, haiwezi kuipunguza, inajua dizeli tu. Ukiongeza gesi kupita kiasi inakata dizeli mpaka ile ya kuwashia inakosekana. Shika hilo kichwani, matatizo mengi hapo chini yanaanzia hapo.

(Hapa naongelea injini za kizamani zenye pampu ya kawaida. Kama injini yako ni ya gari la kisasa, ya umeme na sensa, usiichokonoe kwa gesi, tafuta injini nyingine.)

"Kwa dizeli iko poa, nikifungua gesi inakohoa inazima"

Sababu namba moja ni haraka. Mtu anawasha, hapohapo anafungua gesi yote, injini bado ya baridi na mkanda haujabeba kitu. Washa kwa dizeli, ipate moto, weka mzigo, ndo ufungue gesi taratibu mpaka usikie inaanza kukosa kosa, alafu rudisha kidogo. Pale inapotulia piga alama ya rangi kwenye koki. Alama hiyo ni ya mzigo huo tu, ukisaga dona na ukikoboa mzigo haulingani.

Ya pili, maji. Gesi inatoka kwenye mtambo imejaa mvuke, ikifika kwenye bomba la baridi inageuka maji, yanakaa pale bomba lilipobonyea. Fungua mtego wa maji, kile chombo cha kukusanyia maji kwenye bomba, umwage. Huna mtego? Basi umepata jibu. Bomba liinamie kwenye mtego muda wote na mtego uwe sehemu ya chini kuliko zote.

Ya tatu, gesi dhaifu. Mtambo mpya, gesi ya mwanzo ni kaboni dayoksaidi kwa wingi, haiwaki hata kwenye jiko. Au umeulisha mno kwa siku moja, au umetupia mabaki ya jikoni mengi ghafla ukaingia asidi, au ng'ombe walichomwa antibayotiki na samadi yao ikaenda mlemle ikaua bakteria, au ni baridi. Watu wa Njombe na Mbulu mnajua wenyewe mwezi wa sita na wa saba gesi inavyopungua. Kipimo ni jiko: kama moto wa bluu hautulii jikoni usitegemee injini iukubali. Dawa ni kupunguza kulisha siku kadhaa na kuacha mtambo upumzike, sio kugusa injini.

Ya mwisho, presha. Mitambo ya kuba ya kujengea, ile ya mtindo wa CAMARTEC (kituo cha teknolojia ya vijijini cha Arusha), gesi ikijaa inaweza kufika karibu sentimita 100 za maji, alafu inashuka kadri unavyotumia, kwa iyo alama yako ya koki ya asubuhi inadanganya mchana. Mifuko ya plastiki yenyewe ina sentimita chache tu, injini inaunyonya mfuko mpaka unalala. Kupima chukua hozi angavu, ikunje kama U, tia maji nusu, upande mmoja unganisha kwenye bomba la gesi, soma tofauti ya maji. Ukiona maji yanavutwa kuelekea kwenye bomba injini ikiwa inanguruma, funga gesi hapohapo. Maana yake bomba linanyonya, na popote penye tundu hewa inaingia kuchanganyika na gesi. Methani ikiwa asilimia 5 mpaka 15 ndani ya hewa inalipuka, na unayo ndani ya bomba.

"Inapanda inashuka, taa zinacheza"

Yaani inanguruma, inalegea, inanguruma, inalegea. Kwa mwenye jenereta hii inaua vitu vya ndani.

Hapa pia anza na maji. Weka kipande cha hozi angavu karibu na injini, utayaona yenyewe, kijiko kimoja tu cha maji kinasogea mbele kinarudi nyuma na injini inafuata mdundo uleule. Kijiko kimoja. Watu wameshatoa pampu ya dizeli kupeleka mjini kwa sababu ya hicho kijiko.

Bomba likiwa kavu, angalia kama kuna mtu anapika na gesi hiyohiyo. Mama akiwasha plate mbili presha inashuka, gavana inaongeza dizeli, akizima inapanda. Injini ipewe bomba lake kutoka kwenye mtambo, na katikati uweke mfuko au pipa la kutulizia presha.

Alafu mzigo mdogo na gesi nyingi. Gavana inakata dizeli yote, moto unakosekana, resi inashuka, inarudisha dizeli, gesi iliyojaa inawaka kwa pamoja, resi inaruka. Punguza gesi. Chini ya nusu ya uwezo wa injini bayogesi haina faida ya maana, sehemu kubwa inatoka ekzosi bila kuungua, unainusa kabisa.

Kama yote hayo sio, ndo uangalie mkono wa gavana, springi imelegea au mkono umekauka grisi. Safisha, paka oili, uchezeshe kwa kidole uone unarudi wenyewe. Kufungua gavana kwa ndani muachie fundi pampu.

"Haina nguvu, inatoa moshi mweusi"

Eya klina. Karibu kila mara ni eya klina, hasa kwenye mashine ya kusaga ambapo unga unaelea banda zima. Gesi inachukua nafasi ya hewa, kila mita moja ya ujazo ya bayogesi inataka kama mita 6 za hewa iungue vizuri, sasa wewe umeiongezea gesi alafu hewa yenyewe inapitia kwenye unga uliogandana. Isafishe au badilisha, pima tena.

Ikiwa safi, punguza gesi kidogo uone kama moshi unakata. Ukikata, ulikuwa umezidisha. Na ukubali kwamba ile nguvu ya juu kabisa ya dizeli tupu huipati ukiwa na gesi, ukiwa sehemu za juu kama Kericho au Mbeya hewa nyepesi inakupunguzia tena. Mzigo mkubwa sana? Rudisha dizeli, sio ugomvi.

Moshi ukiendelea hata gesi ikifungwa: nozeli, tapeti, kompresheni. Hiyo ni injini.

"Inagonga"

Funga gesi sasa hivi alafu endelea kusoma.

Mlio ukibaki baada ya kufunga gesi na ni mzito kutoka chini, kong kong, zima kabisa. Hizo ni beringi au bushi ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki), ukiendelea konrodi itatoka kwa ubavu. Hapo ni fundi, hakuna ushauri wa mtandaoni.

Mlio ukiisha baada ya kufunga gesi, basi ni uwakaji. Kinachotokea mara nyingi ni gesi nyingi na mzigo wa mwisho kwa pamoja na injini imechemka, au injini inavuta hewa ya moto maana bomba la hewa limepitishwa karibu na ekzosi, ligeuze lichukue hewa ya nje. Nozeli inayodondosha badala ya kupuliza nayo inaleta. Mwisho ni taimingi, yaani wakati nozeli inapopuliza dizeli, mafundi wengine wanasogeza taimingi mbele kwa sababu bayogesi inaungua polepole, na kweli kusogeza kidogo kunasaidia, ila ukizidisha inagonga kwa dizeli na kwa gesi. Taimingi isogezwe na mtu mwenye vipimo, sio kwa sikio.

Alafu kuna huu mtindo wa kuchanganya na gesi ya mtungi ili "kuipa nguvu". Acha. Gesi ya mtungi haivumilii mgandamizo wa dizeli kama bayogesi, inapasuka kabla ya wakati na pistoni inatoboka.

"Inapiga risasi kwenye eya klina"

Huu ni moto unaorudi nyuma kuelekea bomba la gesi. Zima. Funga gesi kwenye mtambo pia, sio kwenye injini tu.

Mara nyingi koki iliachwa wazi wakati unazungusha hendeli, gesi ikajaa kwenye njia ya hewa na kwenye ekzosi, ilipowaka ikawaka yote. Mpangilio ni huu na hauna mjadala: kuwasha, dizeli kwanza gesi baadae, kuzima, gesi kwanza dizeli baadae. Kama sio hilo, cheki nafasi ya tapeti kwa fila geji (vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi), vali ya hewa ikibanwa haifungi vizuri na moto unatorokea hapo. Au kuna kaboni ndani imeshika moto kama mkaa, au uwakaji umechelewa kwa sababu gesi ni nyingi na dizeli ni kidogo mno.

Usiwashe tena mpaka uwe na kizuia moto kwenye bomba la gesi. Kilicho rahisi ni chombo cha maji ambacho gesi inaingilia chini na kububujika kupita ndani ya maji, au kipande cha bomba pana kilichojazwa wavu mwembamba wa chuma ulioshindiliwa tabaka tabaka. Ukiwa na mfuko wa plastiki wa gesi juu ya banda na huna hiki kitu, mimi nisingekaa kwenye hilo banda.

"Mkanda ulitoka ikakimbia, nimevuta stop haizimi"

Ndo kile nilichosema cha gavana. Mzigo umeondoka ghafla, gavana imekata dizeli kadri inavyoweza, ila gesi bado inaingia. Kuna mafundi wanaofunga skrubu ili dizeli isishuke chini ya kiasi fulani, nia yao nzuri, dizeli ya kuwashia isikosekane, ila hapo umeiondolea gavana breki. Koki ya gesi iwe ya robo mzunguko, pale mkono wa muendeshaji unapofika bila kuruka mkanda, na kila anayeiendesha ajue kwamba ikikimbia anafunga gesi kwanza. Ikishindikana ziba mdomo wa hewa kwa ubao. Kamwe usizibe kwa mkono, na usisimame usawa wa gurudumu.

"Nozeli zinakufa kila mara"

Dizeli inayopita kwenye nozeli ndo inayoipoza. Watu wanaotamani kusevu asilimia 90 na zaidi wanaipikia nozeli kwenye moto, ncha inaganda kaboni, inaanza kudondosha. Pima hivi: weka chupa yenye alama badala ya tanki, tumia mililita 100 kwa dizeli tupu na mzigo wa kawaida, andika dakika. Rudia na gesi. Kama dizeli tupu ilikwenda dakika 3 na gesi imeenda dakika 10, unasevu asilimia 70, pazuri sana kaa hapo. Kama imeenda dakika 30 unajisifia ila dukani wanakusubiri.

Na kipimo hichohicho kinajibu wale wa "dizeli haipungui". Kama dakika hazijabadilika, aidha koki ni ndogo, au bomba lina tundu (pima kwa povu la sabuni, sio kwa kiberiti), au gesi haipo kabisa. Tufanye hesabu: injini ya hp 10 ikiwa na mzigo mzuri inakula kama mita za ujazo 3 mpaka 4 za gesi kwa saa. Kilo 25 za samadi mbichi zinatoa kama mita moja kwa siku. Ng'ombe wawili wa ndani wanakupa hiyo mita moja. Sasa mwenye ng'ombe wawili anayetaka kusaga kutwa kwa gesi ya jikoni, hapo injini haina kosa, kasoro ni zizi.

"Oili inaharibika haraka, bushi zinaisha"

Hili linakuja kimyakimya na ndo linaloua injini nyingi za bayogesi, kwa iyo nitakaa hapa.

Ile harufu ya yai bovu ni haidrojeni salfaidi. Ikiungua na kukutana na unyevu inakuwa asidi. Inakula kwanza vitu vya shaba: bushi ya juu ya konrodi pale kwenye pini ya pistoni, beringi, hata koki za shaba za bomba zinakwama. Ukiitoa bushi iliyoliwa utaona imekuwa nyeusi na ina vishimo vidogo vidogo kama uso wenye ndui, wakati upande wa chini konrodi bado inang'aa.

Jua kama unayo kabla haijakula: chukua waya wa umeme wa shaba, uchune, usugue ung'ae, utundike ndani ya bomba la gesi. Ukiwa mweusi ndani ya siku chache, unayo ya kutosha.

Kinga ya kwanza ya bei ndogo ni chuma chenye kutu. Pipa la plastiki, lijaze stili waya za kusugulia sufuria zilizoachwa zishike kutu au vumbi la chuma kutoka kwa mafundi wa leith (mashine ya kuchonga chuma), gesi iingie chini itoke juu. Zikigeuka nyeusi zimeshiba. Hapa kuna hatari watu hawaijui: ukizitoa zikakutana na hewa zinapata joto zenyewe, ukishika unahisi mkononi kabisa, na lundo kubwa likiwa kavu linaweza kuwaka. Zilowanishe maji kwanza, zitoe nje mbali na banda na majani makavu, zitandaze. Zikirudi rangi ya kutu unaweza kuzitumia tena mara chache.

Kuna njia ya kupuliza hewa kidogo ndani ya mtambo ili bakteria wale salfa, inafanya kazi kwenye mitambo mikubwa yenye vipimo, ila kwa mtambo wa nyumbani mimi siishauri hata kidogo, tofauti ya hewa kidogo na hewa ya kulipuka hutaiona kwa macho.

Ya pili ni oili. Kitabu kikisema badilisha kila saa 200 wewe fanya 100, na dukani uliza oili ya dizeli yenye TBN kubwa, ndo inayopambana na asidi. Ya tatu, injini isifanye kazi ikiwa baridi baridi, washa zima washa zima ndo asidi inapata maji ya kukaa. Na kila ukitaka kuzima, funga gesi, acha ipige dizeli tupu dakika tano mpaka kumi, ifukuze ile hewa chafu ndipo uzime. Injini inayolala na gesi ndani inaamka na kutu kwenye ringi.

Ukishasikia mlio kwa juu ya pistoni na presha ya oili imeshuka, hakuna kubadilisha oili tena, ni kufungua. Fundi akiifungua mwambie kabisa kwamba ilikuwa inatumia bayogesi, aangalie bushi ya juu na ekzosi vali, kwa sababu kwa injini ya kawaida fundi anazoea kuanza na beringi za chini.

Ya banda na mtambo wenyewe

Ekzosi itoke nje ya banda, juu. Banda liwe wazi kwa juu na chini. Ile harufu ya yai bovu ikiwa kali alafu ghafla huisikii, usifurahi, ikizidi kiwango fulani inaua pua kwanza, toka nje uende upande upepo unapotokea. Na hata tatizo liwe la namna gani, bomba limeziba, samadi imeganda, simu imedumbukia, hakuna mtu kuingia ndani ya mtambo wala kuingiza kichwa kwenye mdomo wake. Wanaokufa huko mara nyingi ni zaidi ya mmoja, wa pili ni yule aliyeingia kumtoa wa kwanza. Ita waliojenga waje na vifaa vyao, na wakati unawasubiri saga kwa dizeli.